Kumwanzishia mtoto tofu wakati wa kumlikiza: mwongozo kamili kuanzia miezi sita

Soya si ngeni katika bakuli la mtoto wa Afrika Mashariki. Familia nyingi humpa mtoto soya tangu mwezi wa saba bila hata kuitaja kwa jina, kwa sababu imo ndani ya unga wa uji wa lishe pamoja na mahindi, ulezi, mchele, karanga na pengine ngano. Mchanganyiko huo una kasoro mbili ambazo mzazi huzitambua siku mtoto anapotapika au kutokwa na vipele. Kwanza, hakuna anayeweza kusema ni kipi kati ya vyakula vitano au saba kilichomsumbua. Pili, mara nyingi mzazi hajui kama soya ile ilichemshwa kabla ya kukaushwa na kusagwa, nayo soya isiyopikwa vizuri ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, kiasi kwamba mtoto hula na faida asiipate. Tofu huziondoa kasoro zote mbili kwa pamoja: ni soya iliyo peke yake, iliyochemshwa tangu mwanzo, ambayo unaweza kuiona, kuinusa na kuibonyeza kabla haijafika mdomoni mwa mtoto.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kwa ndimu, siki au chumvi maalumu ya madini, kisha yakakamuliwa maji. Haina mfupa, haina ganda, na ladha yake ni hafifu, hivyo huchukua ladha ya chochote unachoipikia nacho. Gramu 100 za tofu huwa na protini kati ya gramu 5 na 17 hivi kutegemea ugumu wake, pamoja na mafuta na madini ya chuma. Vitamini B12 haimo kabisa, na kwa sababu hiyo haipaswi kuchukua nafasi ya yai, dagaa, maini au nyama katika nyumba inayoweza kuvipata. Familia isiyokula nyama wala mayai, kama zilivyo baadhi ya familia za Wasabato na za Wahindu, inahitaji kuzungumza na mtoa huduma wa afya kuhusu B12 ya nyongeza, kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha.

Wakati wa kuanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Tofu inaweza kuingia mapema katika kipindi hicho, wala hakuna haja ya kuisubirisha hadi mwaka mmoja kwa hofu ya mzio. Hata hivyo, mwili wa mtoto uangaliwe kuliko kalenda: je, anaweza kukaa akishikiliwa kidogo huku kichwa kikiwa kimetulia, je, ananyoosha mkono kuelekea chakula chako, na je, ukimtia kijiko mdomoni anameza badala ya kukisukuma nje kwa ulimi? Asipofanya hayo, mwache wiki moja au mbili ndipo umjaribu tena.

Mimi ningeanza na vyakula vilivyozoeleka nyumbani, kama viazi vitamu, boga, ndizi au parachichi, nikavitumia kwa wiki moja hivi ili mtoto ajifunze kumeza, ndipo nikaleta tofu. Sababu ni ya kiutendaji tu. Siku ya kwanza ya kijiko watoto wengi hukohoa, hukunja uso na kutema, na mzazi anayemjaribu kwa chakula chenye uwezekano wa mzio hatajua kama analoliona ni mzio au ni ugeni wa kijiko.

Wapo watoto ambao wazazi wao wamwone daktari kabla ya kuanza: mwenye pumu ya ngozi iliyo kali, mwenye mzio unaojulikana wa maziwa ya ng'ombe, yai au karanga, na aliyewahi kutapika mfululizo na kulegea baada ya chakula fulani. Mtoto anayetumia dawa ya tezi ya shingo tangu kuzaliwa naye yumo katika kundi hili, si kwa sababu ya mzio, bali kwa kuwa soya hupunguza kufyonzwa kwa dawa hiyo, na daktari atapanga saa za dawa na saa za chakula zisigongane.

Kununua au kutengeneza mwenyewe

Katika maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala tofu huuzwa kwenye majokofu, na mjini Kigali utaikuta hata ikichomwa kama mishikaki. Kwa mtoto chagua iliyo tupu, isiyotiwa viungo, isiyokaushwa kwa moshi, na isiyokaangwa. Soma kibandiko: viambato viwe soya, maji na kigandishi. Kigandishi kikiandikwa E516 au E509, hizo ni chumvi za kalsiamu, na tofu hiyo itampa mtoto kalsiamu nyingi zaidi. E511 ni ya magnesiamu, nayo pia ni salama. Zipo laini kabisa zisizokamuliwa maji, zinazotikisika kama mtindi uliogandishwa, na zipo ngumu unazoweza kuzikata kwa kisu. Laini hufaa kwa kuponda, ngumu hufaa kwa vipande vya kushika.

Tofu inayouzwa sokoni ndani ya ndoo ya maji si ya kukataliwa, lakini itazamwe kwa jicho kali. Maji yawe maangavu, tofu isiwe na utelezi, na ukiinusa isiwe na uchachu. Ukifika nyumbani ichemshe kwa dakika 5 kabla ya kumpa mtoto, hata kama muuzaji ameapa kuwa ni ya asubuhi hiyohiyo.

Mahali ambapo haipatikani, kuitengeneza ni kazi ya asubuhi moja, na yeyote aliyewahi kukuna nazi na kukamua tui ameshazijua hatua zake nyingi. Chukua gramu 250 za soya kavu, chagua mawe na zilizooza, osha, kisha loweka katika maji mengi usiku kucha, yaani saa 8 hadi 12. Zitavimba karibu mara mbili. Pasua moja kwa kucha: ikiwa ndani imelainika kote na haina kiini kikavu katikati, ziko tayari. Mwaga maji ya kulowekea, suuza, kisha saga kwa blenda kidogo kidogo, kwa jumla ya lita 2 za maji safi. Asiye na blenda atwange kwenye kinu na kuongeza maji taratibu.

Chuja kwa kitambaa safi cheupe au kwa kifumbu, ukiminya kama unavyominya tui. Machicha yanayobaki weka pembeni; watu wazima wanaweza kuyapika pamoja na vitunguu na nyanya, ila kwa mtoto wa umri huu yana nyuzi nyingi mno. Maziwa yaliyochujika yabandike motoni katika sufuria kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu maziwa ya soya hutoa povu na hufurika ghafla pale unapogeuza shingo tu. Yakianza kuchemka punguza moto, na yaendelee kuchemka taratibu kwa dakika 15 huku ukikoroga hadi chini yasiungue. Hapa ndipo viini vile vya soya mbichi huharibiwa, na ndiyo hatua ambayo haifai kufupishwa kwa sababu yoyote. Kuanza kutoa povu si kuiva.

Ipua, acha yapoe kwa dakika 5, yabaki ya moto sana lakini yasiyotokota. Changanya vijiko 3 au 4 vya chakula vya maji ya ndimu na nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, umimine kwa awamu tatu huku ukikoroga polepole, mara mbili tatu tu kila awamu. Utaona maziwa yakikatika: mabonge meupe yanajitenga, na maji yanayobaki yanageuka ya manjano hafifu na kuonekana hadi ndani. Yakibaki meupe kama maziwa, ongeza ndimu kijiko kimoja. Funika kwa dakika 10, kisha mimina juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye chujio, kunja kitambaa, weka sahani juu yake na kitu chenye uzito wa kilo moja hivi. Dakika 15 zinatosha kwa tofu laini ya mtoto.

Kwa ndimu utapata tofu yenye kalsiamu kidogo kuliko iliyogandishwa kwa jasi, yaani ile chumvi ya kalsiamu ya E516, lakini nisingemshauri mtu aende kuitafuta jasi ovyo. Jasi ya chakula husafishwa kwa kiwango chake. Ile ya kufungia dari na kurembea kuta haitiwi kwenye chakula cha mtu yeyote, sembuse mtoto.

Siku ya kwanza

Chagua asubuhi ya siku ambayo mtoto ni mzima, hana homa wala mafua, hajachanjwa siku hiyo wala jana yake, na ambayo utakuwa nyumbani naye hadi mchana. Usichague jioni, kwa maana dalili zinazojitokeza usiku huonwa kwa kuchelewa, na usafiri wa usiku kwenda hospitali si mwepesi kwa kila mtu. Siku hiyo na siku mbili zinazofuata asipewe chakula kingine kigeni. Uji wa lishe wenye soya nao uahirishwe.

Chukua kipande cha tofu chenye ukubwa wa kiberiti, kichemshe dakika 5 katika maji matupu, kitoe, kiache kipoe. Kiponde kwa uma, ukiongeza maziwa ya mama au maji kidogo ya kuchemshia, hadi kiwe laini kama parachichi lililopondwa. Ukikifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada usisikie chembe. Tofu iliyopondwa bila kimiminika hukauka na kugandamana kwenye kaakaa, jambo linalowaudhi watoto wengi, na mzazi hudhani mtoto ameikataa ladha.

Mpe nusu kijiko cha chai akiwa ameketi wima. Subiri dakika 15 hivi huku ukimtazama uso, mikono na tumbo. Akiwa salama, malizia kijiko kimoja cha chai, kisha mnyonyeshe kama kawaida. Siku ya pili mpe vijiko viwili vya chai, na siku ya tatu kijiko kimoja cha chakula. Siku tatu zikipita bila shida, tofu imekuwa chakula chake, na inafaa irudi mezani angalau mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuwa mwili uliozoeshwa chakula fulani hudumisha mazoea hayo kwa kukutana nacho mara kwa mara. Kumwonjesha mara moja na kuiacha kwa miezi mitatu hakumsaidii.

Yatakayokushtua na yasiyopaswa kukushtua

Kinyesi kinaweza kulainika kidogo, na vijipande vyeupe vikaonekana ndani yake. Hiyo ni kawaida. Uwekundu mdogo kuzunguka mdomo baada ya chakula chenye nyanya au ndimu mara nyingi hutokana na uchachu kugusa ngozi, na huisha ndani ya saa moja.

Mzio wa kweli una sura mbili. Ya kwanza huja haraka, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele vilivyovimba kama vya upupu, midomo au kope kuvimba, kutapika. Acha kumpa na umpeleke kituo cha afya. Ikiwa sauti imekauka, anakoroma au kuhema kwa shida, amebadilika rangi au amelegea, hilo ni jambo la dharura, na usipoteze muda kumpa maziwa, mafuta ya nazi au maji ya moto kwanza. Sura ya pili hujificha zaidi: saa 1 hadi 4 baada ya kula, mtoto hutapika tena na tena, hupauka na kulegea kama mgonjwa mahututi, ilhali hana kipele hata kimoja. Nayo pia ni ya kukimbilia hospitali, na ni muhimu umweleze mhudumu kwamba amekula soya na saa aliyokula, kwa sababu kwa macho hali hiyo hufanana sana na maambukizi ya tumbo.

Umbo la tofu kwa umri

Kati ya miezi 6 na 9 mtoto hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kipande kidogo humpotelea ndani ya ngumi. Mkatie tofu ngumu katika vijiti vyenye urefu na unene wa kidole cha mtu mzima, ili sehemu moja ishikwe na nyingine itokeze juu. Vipashe juu ya kikaango chenye tone la mafuta kwa dakika moja kila upande: vinapata ngozi nyembamba isiyoteleza, na ndani vinabaki laini. Visikauke wala kuwa na gamba gumu. Mara za mwanzo ataminya hadi tofu itoke katikati ya vidole, kisha aitazame mikono yake kwa mshangao. Kilichofika mdomoni kitakuwa kidogo, na hakuna hasara katika hilo.

Kuanzia miezi 9, mtoto anapoanza kudona kwa kidole gumba na cha shahada, vijiti vigeuzwe kuwa vipande vidogo vyenye ukubwa wa harage lililopikwa. Kila kipande kipite mtihani wa kubonyezwa: kipondeke kwa vidole viwili bila nguvu. Tofu iliyogandishwa kwenye friza hubadilika kuwa kama sponji na kutafunika kwa shida, hivyo ibaki kwa wakubwa.

Mtoto asilishwe akiwa amelala, akitambaa wala akiwa ndani ya gari linalokwenda. Kukohoa kwa kelele na kutoa ulimi ni namna yake ya kurudisha tonge mbele, na ukimtia kidole mdomoni utalisukuma ndani. Asiyetoa sauti wala kuweza kulia ndiye aliyepaliwa kwa hatari: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha mgeuze na umkandamize katikati ya kifua mara 5, ukibadilishana hivyo huku mwingine akitafuta msaada.

Nini kiende pamoja na tofu

Madini ya chuma ya tofu hayafyonzwi kwa urahisi kama ya nyama, na mtoto wa umri huu anayahitaji kwa wingi kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo huanza kwisha kuanzia mwezi wa sita. Vitamini C katika mlo uleule husaidia sana. Kwa hiyo tofu iambatane na nyanya iliyopikwa, papai, embe au kijiko cha chungwa lililokamuliwa. Chai, hata iliyozimuliwa kwa maziwa, hufanya kinyume chake, na ni desturi ambayo kwa maoni yangu imewagharimu watoto wengi damu bila kelele yoyote.

Mlo ninaoupenda kwa mwanzo ni boga lililochemshwa vijiko vitatu, tofu kijiko kimoja, na kijiko cha chai cha tui zito, vyote vikipondwa pamoja. Mtoto akizoea, pika mchicha laini uliokatwa vipande vidogo sana pamoja na nyanya moja iliyomenywa, vunjavunja tofu humo, uiache dakika 5, kisha mpe na ugali laini au wali bokoboko. Baada ya miezi 8, na ikiwa yai lilishaonjwa peke yake, tofu iliyopondwa ikikorogwa na yai na kupikwa hadi iive kabisa hutoa kitu laini ambacho hata mtoto mwenye kuchagua hukipokea. Kiasi cha kijiko kimoja hadi viwili vya chakula kwa mlo kinamtosha mtoto wa miezi 7 au 8, na viwili hadi vinne akikaribia mwaka.

Chumvi, mchuzi wa soya na vidonge vya supu visitiwe kabla ya mwaka mmoja, na asali vilevile, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Jambo hili lizungumzwe mapema na kila anayelisha. Mama mkwe akionja kijiko cha mjukuu wake na kukiona kimepooza, mkono utakwenda kwenye chumvi kwa nia njema kabisa. Njia niliyoona inafaa ni kutoa fungu la mtoto kwanza, kabla sufuria ya familia haijatiwa chumvi, kisha mama mkwe akaonja cha wakubwa. Maziwa ya soya yasigeuzwe kuwa kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka. Hayalingani na maziwa ya mama, wala si sawa na maziwa maalumu ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya.

Kuhifadhi

Tofu iliyofunguliwa ikae ndani ya maji safi, kwenye chombo chenye mfuniko, katika jokofu, na maji yabadilishwe kila siku. Kwa mtoto itumike ndani ya siku 3. Nyumba isiyo na jokofu itengeneze au inunue ya kula siku hiyohiyo, na kinachobaki jioni kiliwe na wakubwa. Iliyopikwa ipashwe moto hadi itoe mvuke kote, kisha ipozwe kabla ya kumpa. Pakua kidogo kidogo kwenye bakuli la mtoto na uongeze akitaka, kwa sababu chakula kilichoguswa na kijiko chake kina mate, na hakihifadhiwi kwa mlo ujao hata kikiwa kingi.

Akikataa, ondoa bakuli bila kumbana pua wala kumshindilia, na umrudishie baada ya siku mbili tatu kwa sura nyingine: kama jana ilikuwa imepondwa, leo iwe kijiti, kama ilikuwa na boga, leo iwe na parachichi. Watoto wengine huhitaji kuonjeshwa mara kumi au zaidi kabla ya kukubali, na mara nyingi hukubali siku wanapokiona kipande kilekile kikitoka kwenye sahani ya mama.